Samaki Hayupo Pale

Maji yalikuwa yametoka, na mvuvi mmoja amesimama katika dimbwi lililobaki kati ya miamba, maji yakimfika magotini, mkuki begani. Nilikuwa juu ya mwamba kando yake, na samaki nilimwona vizuri: changu, ametulia, ubavu unang'aa kila wimbi dogo linapompitia juu. Nikajua mkuki utakwenda wapi. Haukwenda huko. Uliingia chini ya samaki, shibiri nzima ndani zaidi ya pale macho yangu yalipomweka, mahali ambapo mimi niliona mchanga mtupu, ukatoka na changu anapiga mkia. Mvuvi hakuonyesha kuwa limetokea jambo. Alimtia kikapuni, akahamia dimbwi la pili.

Samaki hayupo pale anapoonekana. Wavuvi wa mkuki wanalijua hilo tangu utoto, na hakuna aliyewafundisha kwa namba. Mwale unaotoka kwenye magamba hupanda majini kwa mshazari. Ukifika usoni mwa maji na kutokea hewani hulala zaidi, huachana na wima, na katika hali hiyo ndipo unapoliingia jicho. Jicho halina habari ya safari hiyo. Huupokea mwale pale ulipoishia, likaurudisha nyuma kwa mstari ulionyooka, likamweka samaki mwishoni mwa mstari huo, karibu na uso wa maji kuliko alipo. Mwanga umepinda, jicho limenyoosha. Tukiliita jambo hili kiinimacho tunauonea mwanga, kwa sababu umefuata sheria yake hadi nukta ya mwisho. Kama yupo aliyekosea, ni yule aliyeudhania kuwa haujui kupinda.

Geuza sasa upande wa pili. Samaki naye ana macho, naye anamtazama mvuvi. Mwale unaoshuka kutoka kichwani mwa mtu huyo hupinda kuelekea wima unapoingia majini, na samaki, akiunyoosha kwa desturi ile ile ya macho yote, humwona mtu ameinuka juu kuliko kimo chake. Tena si mtu tu. Mbingu nzima, kutoka upeo hadi upeo, humfikia samaki ndani ya duara moja lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97 hivi; minazi ya ufukweni, mashua, mawingu ya chini, mwenye mkuki, vyote vimesongamana ukingoni mwa duara hilo. Nje yake, uso wa maji ukitazamwa kutoka chini umekuwa kioo, na kinachoonekana humo ni miamba na mwani wa dimbwi lile lile. Kwa hiyo pale palikuwa na viumbe wawili wanaotazamana, na kila mmoja anamwona mwenzake mahali asipokuwepo. Mmoja wao alikuwa amejifunza kusahihisha.

Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Fizikia inaweza kuitia namba methali hiyo bila kuiharibu. Ukitazama wima kutoka juu, maji ya kina cha mita moja yanaonekana kuwa na sentimita 75. Robo ya kina imefichwa. Ukitazama kwa mshazari kinafichwa zaidi. Kisima, bwawa la kuogelea, mto unaotaka kuvukwa kwa miguu, vyote vina robo isiyoonekana, na mtoto aliyesimama ukingoni akakadiria kwa macho kuwa maji yatamfika kifuani huenda yakamfika puani. Watu wamezama kwa robo hiyo.

Jambo moja limenishughulisha katika namna tunavyofundishwa kukokotoa mwanga, nalo ni kwamba pembe zote hupimwa kutoka kwenye mstari ambao haupo. Uso wa kioo upo, unaugusa. Mwale upo, unauona asubuhi vumbi likielea ndani yake dirishani. Lakini pembe haihesabiwi kutoka kwenye uso wa kioo. Huhesabiwa kutoka kwenye wima, mstari wa kufikirika unaosimamishwa kwa nyuzi 90 pale hasa mwale ulipotua. Mwale ukija kwa nyuzi 30 kutoka kwenye wima huo, utaondoka kwa nyuzi 30 upande wake wa pili, na hapo sheria ya kuakisi imekwisha. Wagiriki wa zama za Euclid waliijua. Nilidhani zamani kwamba wima ni mapambo ya walimu. Lakini tazama ukuta wa Lamu uliopakwa chokaa, mchana, jua likiwa kali hadi unafumba macho. Ukuta huo unarudisha mwanga mwingi sana, na bado hutauona uso wako humo. Chembe za chokaa zimeelekea kila upande, kila moja na wima wake, na kila mwale unaotua juu ya chembe huakisiwa au hupinda kwa sheria ile ile ya kioo, haukosei hata kidogo. Utii umekamilika, taswira haipo. Nafikiri zipo jamii za watu za namna hiyo, lakini sitaki kulilazimisha jambo la chokaa likawa la siasa.

Kioo bapa kina hesabu nyingine ambayo watu huikataa hata baada ya kuonyeshwa. Mtu wa kimo cha sentimita 170 anahitaji kioo cha sentimita 85 kujiona mwili mzima, mradi kimetundikwa wima na ukingo wake wa juu umekaa katikati ya macho na utosi. Mwale unaotoka kidoleni mwa mguu hutua kwenye kioo nusu ya njia ya kuelekea machoni, kwa sababu pembe ya kuja na ya kuondoka ni sawa. Chini ya hapo kioo kinamwonyesha sakafu tu. Na umbali haubadilishi kitu. Ingia duka la samani utawakuta wanunuzi wakirudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya kioo kidogo, wakiitafuta miguu yao. Miguu haiji. Kioo kilichokuishia kiunoni ukiwa karibu kitakuishia kiunoni hata ukitazama kutoka ng'ambo ya barabara.

Lakini kuakisi ni kwepesi. Kupinda ndiko kulikowatesa watu kwa karne nyingi. Katika karne ya 2, mjini Alexandria, mwanafalaki Ptolemy alichukua kisahani cha shaba, akakichora nyuzi pembezoni, akakizamisha nusu majini, akaanza kupima: mwale ukiwa kwenye nyuzi hizi hewani, majini uko kwenye ngapi? Kazi yake imetufikia kwa kuponea chupuchupu. Maandishi ya Kigiriki yamepotea, tafsiri ya Kiarabu imepotea, ikabaki tafsiri ya Kilatini iliyofanywa Sicily katika karne ya 12 kutoka kwenye hiyo ya Kiarabu. Humo mna jedwali la maji. Kwa nyuzi 10 za hewani, 8 za majini. Kwa 20, 15.5. Kwa 30, 22.5. Kwa 40, 29. Kwa 50, 35. Kwa 60, 40.5. Kwa 70, 45.5. Kwa 80, 50.

Zisome namba hizo taratibu, kisha toa kila moja kwenye inayoifuata. Utapata 7.5, 7, 6.5, 6, 5.5, 5, 4.5. Kila hatua imepungua kwa 0.5, mwanzo hadi mwisho, hakuna iliyoteleza. Yeyote aliyewahi kushika kipimapembe mkononi atashtuka hapo, kwa sababu vipimo vya kweli havina nidhamu hiyo. Maji hutikisika, jicho huchoka, chombo kina mikwaruzo. Katikati ya jedwali Ptolemy amepatia ajabu: kwa 50 na 60 hesabu ya leo inatoa 35.1 na 40.5. Mwishoni amepotea. Kwa nyuzi 80 maji yenyewe yanasema 47.6 na jedwali linasema 50, tofauti ambayo kisahani chake kingeweza kuionyesha. Inaelekea alipima, akaona namba zinakaribia mpango fulani, akazisaidia zifike.

Hapo namwona Ptolemy akizifanyia namba kile ambacho jicho humfanyia samaki. Jicho linadhani njia zote zimenyooka. Akili inadhani hatua zote zinapungua sawasawa, na kilichopinda katikati hakiulizwi. Simcheki. Imani kwamba ulimwengu una mpango ndiyo iliyomfanya achore nyuzi kwenye shaba. Asiyeamini mpango hapimi kitu, hukaa kivulini akasema ndivyo Mungu alivyopenda. Ila mpango alioupanga ulikuwa wake. Maji yalikuwa na wa kwao.

Mpango wa maji uliandikwa Baghdad karibu na mwaka 984. Mwanahisabati Ibn Sahl alikuwa akichunguza vioo na lenzi za kuunguzia, yaani namna ya kuikusanya miale ya jua mahali pamoja hadi iwashe moto, na kwa kazi hiyo hukisii pembe, maana ukikosea kidogo moto hauwaki. Alichora pembetatu mraba mbili kwenye wima mmoja, akaonyesha kuwa uwiano wa pande zake ndefu haubadiliki, mwale uje kwa pembe yoyote. Kurasa zake zikatawanyika, nyingine Damascus, nyingine Tehran, na mwanahistoria wa sayansi Roshdi Rashed alipoziunganisha na kuitangaza habari yake mwaka 1990, dunia ilikuwa imekwisha kuipa sheria hiyo jina la mtu mwingine. Nyuma ya Ibn Sahl alikuja Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo karibu na mwaka 1040, ambaye hakuipata sheria ya kupinda lakini alitengeneza jambo kubwa zaidi: alionyesha kuwa mwanga hutoka kwenye vitu ukaja machoni. Wengi kabla yake, Ptolemy mmojawapo, waliamini kuwa jicho ndilo linalotoa miale kwenda kuvigusa vitu. Cha kuchekesha ni kwamba pembe hazikujali. Njia ya mwale ni ile ile kwenda na kurudi, kwa hiyo mtu anaweza kukosea kabisa mwanga unatoka wapi na akakokotoa pembe zake sawasawa.

Ulaya nako mambo yalikwenda kwa mikono iliyofumbwa. Mwingereza Thomas Harriot aliipata sheria mwanzoni mwa miaka ya 1600, akakaa nayo. Willebrord Snellius wa Leiden aliipata 1621, akafariki 1626 hajaichapisha. Mfaransa Descartes aliichapisha 1637. Waingereza leo husema ni ya Snell, Wafaransa humtaja Descartes, Baghdad haikuitwa barazani.

Sheria yenyewe ni fupi. Kila pembe ina namba yake ambayo hesabu za pembetatu huiita saini. Gawanya saini ya pembe ya hewani kwa saini ya pembe ya majini: utapata 1.33, leo na kesho, kwa pembe yoyote utakayochagua. Ukiweka kioo cha kawaida badala ya maji utapata kama 1.5, ukiweka almasi 2.42. Chukua nyuzi 60. Saini yake ni 0.866, igawanye kwa namba ya maji inabaki 0.65, na pembe yenye saini hiyo ni nyuzi 40 na nusu. Basi. Ukifanya hivyo kwa 10, 20, 30 hadi 80 utaona kuwa hatua kati ya pembe hazina mpangilio wa kupendeza. Mpango upo, ila hauko kwenye pembe zenyewe, zile zinazoonekana kwenye shaba. Uko chini yake, kwenye saini. Ptolemy alimlenga samaki pale alipomwona.

Na kuna mwale mmoja usiopinda hata kidogo: ule unaoingia kwa wima kamili, nyuzi sifuri. Zamani niliuhusudu, nikiuona ndio mwale wa haki. Lakini nao unalipa. Hewani mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Majini hushuka hadi 225,000 hivi, na ushuru huo unatozwa kwa kila anayeingia, mnyoofu na wa mshazari. Wa mshazari huonekana amelipa kwa sababu njia yake imevunjika. Wa wima hulipa kimya kimya. Kupinda, tukichunguza, ni alama tu ya mwendo uliobadilika.

Aliyelisema hilo waziwazi ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, mwaka 1662. Fikiria mtu aliye mchangani anayetaka kuifikia ngalawa iliyotia nanga, nayo haiko mkabala naye, iko mbele kwa upande. Mchangani anaweza kukimbia, majini atajikokota. Akinyoosha moja kwa moja kuiendea, atajikokota masafa marefu. Akikimbia ufukweni hadi iwe mkabala naye ndipo aingie, atakuwa amezunguka mno. Katikati ya hapo na pale pana mahali pamoja pa kuingilia panapomfikisha mapema kuliko pengine pote, na ukizipima pembe zake mbili, ya mchangani na ya majini, utaikuta sheria ya saini. Mwanga, akasema Fermat, hufuata njia inayochukua muda mfupi kabisa. Wafuasi wa Descartes wakamjia juu: mwanga utaijuaje njia ya haraka kabla haujaipita? Unataka kuutia akili? Tena wao waliamini kuwa mwanga huenda kwa wepesi zaidi majini kuliko hewani, kinyume cha alivyosema Fermat. Ugomvi huo ulikaa karibu miaka 200, hadi mwanafizikia Foucault alipolinganisha mwendo wa mwanga hewani na majini mjini Paris mwaka 1850, akakuta majini unachelewa. Fermat alikuwa sahihi, naye yuko kaburini tangu 1665.

Njia ya mwongo ni fupi, husema Waswahili. Mwanga haukuchagua fupi. Kati ya samaki na jicho, njia fupi ni ile iliyonyooka, na mwanga umeikataa ukashika iliyovunjika katikati. Ama lile swali la wapinzani, la mwanga kujua njia, linanikaa kichwani kuliko majibu yake. Wanafizikia wanalo jibu, la mawimbi yanayopita njia zote na kufutana isipokuwa jirani na ile ya haraka, na nikilisikia naona maajabu yameongezeka.

Pana mahali ambapo hesabu hukwama, na pananivutia kuliko sehemu nyingine zote. Uwe ndani ya maji sasa, taa yako imeelekea juu. Ilaze kidogo kidogo. Mwale unaotokea hewani unalala zaidi ya taa yako, na taa ikifika nyuzi 48.6 kutoka kwenye wima, mwale wa nje umelala kabisa, unauparaza uso wa maji. Ilaze taa hadi nyuzi 50, ukokotoe. Sheria inakudai pembe ambayo saini yake inazidi moja. Pembe hiyo haipo. Hakuna iliyowahi kuwa nayo. Kikokotoo kinaandika kosa. Wengi wanaokokotoa hudhani wamebonyeza vibaya, wakarudia. Hawajakosea: mwanga nao umelikuta lile lile, hauna pembe ya kutokea, na unarudi wote majini, hakibaki nje hata chembe. Ndicho kile kioo ambacho samaki anakiona nje ya duara lake la mbingu. Kwa almasi mpaka huo ni nyuzi 24 na kidogo, ndiyo maana mwanga ukiingia humo huhangaika kutoka ukutani hadi ukutani kabla haujapata upenyo, na watu wa dunia nzima wamelipishwa pesa nyingi kwa mahangaiko hayo.

Sisi wa pwani hii tuna deni na mpaka huo tangu 2009, mwaka ambao nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipandishwa nchi kavu Mombasa. Ndani ya waya wa namna hiyo mna nyuzi za kioo zenye wembamba wa unywele, na mwanga uliotiwa humo kwa mlalo unaofaa hauwezi kutoka, kwa sababu kila unapougusa ukuta wa kioo hesabu inaikataa pembe yake. TEAMS unatoka Fujairah, kwenye Ghuba, kilomita kama 5,000 chini ya bahari ile ile ambayo majahazi yaliivuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Jahazi lilichukua wiki. Mwanga kiooni hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo salamu ya kijana aliyeko Dubai inamfikia mama yake Likoni kabla hajamaliza kupepesa jicho. Maisha ya mjini, biashara, ugomvi wa ndugu, mapenzi ya mbali, vyote hivi leo vimening'inia kwenye pembe isiyo na jibu.

Hewa nayo hupinda, ingawa namba yake ni ndogo mno, 1.0003. Inatosha. Barabara ya lami kati ya Voi na Mtito Andei, saa nane mchana, hewa iliyo juu ya lami imepata moto na kuwa nyepesi, na mwale wa mbingu unaoishukia kwa kulala hupindishwa taratibu hadi ukapanda tena kumfuata dereva. Jicho, kwa ile desturi yake, linaunyoosha. Linaona mbingu chini, barabarani, na akili inasema maji. Hayo ndiyo mazigazi. Jua la magharibi lina habari ya kushangaza zaidi. Miale yake ikitujia kwa kuambaa na ardhi hupindwa na hewa kiasi cha nyuzi 0.57, na jua lenyewe lina upana wa nyuzi 0.53. Maana yake, ukingo wa chini wa jua unapougusa upeo wa bahari, jua zima limekwisha kushuka chini ya upeo. Linaloonekana ni jua lililonyooshwa na macho. Ratiba za swala zinalijua hilo: magharibi hukokotolewa jua likiwa nyuzi 0.83 chini ya upeo, sehemu kwa ajili ya kupinda, sehemu kwa kuwa tunasubiri ukingo wa juu upotee. Nanyuki, palipo kwenye ikweta, ambapo saa yetu ya Kiswahili inaahidi mchana wa saa 12 kamili na usiku wa saa 12 kamili, mchana huuzidi usiku kwa dakika 13 hivi mwaka mzima. Tunaishi kila siku dakika kadhaa za jua ambalo halipo, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Vijana wetu wa sekondari hukutana na haya yote kupitia pini nne na kipande cha kioo cha mstatili. Karatasi imebanwa ubaoni, kioo kimezungushiwa penseli, wima umechorwa, mwale umechorwa kwa nyuzi 30, pini mbili zimesimamishwa juu yake. Mwanafunzi huinama hadi kidevu kiguse meza, anachungulia kutoka upande wa pili wa kioo, anachomeka pini ya tatu na ya nne hadi zote nne ziwe safu moja. Halafu anaondoa kioo na kuunganisha matundu. Pini zilizokuwa safu moja machoni zimevunjika karatasini. Sijui somo jingine la shule linalomweka mtu mbele ya macho yake mwenyewe namna hiyo, kwa gharama ndogo hivyo.

Kisha yanakuja majedwali, saini kwa saini, grafu, na mteremko wa grafu ambao darasa zima linaujua kabla ya kuanza: 1.5. Pini imeinama, kipimapembe cha mkebe kimefutika nyuzi, karatasi imesogea. Namba zinatoka 1.43, nukta moja imeruka mbali na mstari. Muda unakwisha. Wanafunzi wanaita kupika, na hupikwa kwa kurudi nyuma: anza na 1.5, tafuta pembe zinazoifaa, futa ulizopima. Grafu inatoka imenyooka, kila nukta imekaa juu ya mstari, na kwa kawaida ndiyo inayopewa alama zote. Jedwali la Alexandria lilipikwa kwa jiko hilo hilo, na aliyelipika alikuwa mmoja wa watu wenye akili kubwa kuliko wote wa zama zake.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wanaosahihisha kazi hizi. Mkikuta nukta iliyokaa nje ya mstari, msiipige kalamu nyekundu; mwulizeni aliyeichora aliona nini pini ilipokuwa ikiinama, na mpeni alama kwa jibu lake. Na yule ambaye nukta zake zote zimetulia juu ya mstari, mwiteni mezani, mpeni pini nne na kioo, apime tena mbele yenu.